Sentensi Yangu Moja ya Kimarathi

Fundi wa pampu amefariki. Niliambiwa Jumanne jioni na dereva wa lori kutoka upande wa Kenya, mtu nisiyemjua, aliyekuja mpaka kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Busia akiwa na simu mkononi na spika ndogo kwapani, akiuliza nani anaishi na yule Mhindi mzee. Nikamwambia anaishi peke yake, mimi ni jirani tu, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta. Akaniangalia kama mtu anayepima iwapo mzigo unashushwa hapa au unasonga mbele. "Basi ni wewe," akasema. "Pole sana, boss. Buda ametuacha." Kisha akanisimulia akiwa amesimama, bila kukubali kiti. "Alikuwa amekaa pale yadi ya malori, juu ya tairi, kama kila siku. Ile stori yake inaongea kwa spika. Nikapita nikamsalimia, kimya. Nikasema ah, mzee amesinzia. Nikaenda kuoga, kurudi stori imeisha na yeye bado amekaa vile vile. Ndio nikamgusa bega." Akanikabidhi simu na spika, akafuta viganja kwenye suruali, akaondoka. Foleni ya forodha ilikuwa imeanza kusogea na lori lake lilikuwa linazuia wengine.

Mliozoea kunisoma mnajua kwamba siamini hotuba za mazishini. Nimewahi kuandika hapa kwamba hakuna mji wenye watu wema kama makaburini, na baadhi yenu mkaniandikia kunitukana. Kwa hiyo sitawaambia kwamba fundi wa pampu alikuwa mtu mwema. Sijui kama alikuwa mwema. Tulikaa miaka miwili tukitenganishwa na ukuta wa tofali moja na ninachokijua juu yake kinajaa kiganja: kwamba alitoka India, sehemu wanakozungumza Kimarathi, kwamba aliletwa Tororo zamani kufunga mashine za kiwanda fulani, kwamba mkataba ulipoisha wenzake walirudi kwao au wakaenda Kampala, naye akashuka Busia kwa kuwa hapa malori hayaishi, na palipo na malori pana pampu za dizeli. Alifanya kazi kwenye gereji ya Msamia mmoja, mwenyeji wa hapa, karibu na barabara ya mpakani. Mji mzima ulimwita Mhindi, na gereji ilimwita Mzee Pampu. Jina lake halisi nililijua siku nilipolisoma kwenye karatasi ya hospitali.

Nilimwona akifanya kazi mara moja tu, nilipopeleka nyaraka nilizotafsiri kwa wakala wa forodha mwenye ofisi nyuma ya gereji ile. Lori lilikuwa linatoa moshi mweusi na kutetemeka. Mafundi vijana walikuwa wamelichomekea kompyuta, wanabishana juu ya kilichoandikwa. Mzee akaja na bisibisi ndefu. Akagusisha ncha yake kwenye pampu, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio. Akafumba macho. Akahamisha ncha kidogo, akatulia, akahamisha tena. "Namba nne," akasema. Wakafungua noza ya nne, wakakuta imekufa. Vijana wakacheka, mmoja akampigia saluti: "Mzee, wewe uliza injini, itakuambia mpaka siri za mwenyewe!" Nami niliondoka nikifikiri nimeona ufundi wa kale ukijionyesha. Nilikuwa hata nimeanza kutunga aya ya safu hii juu ya mikono ya wazee na kompyuta za vijana. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye masikio yake yako pale pale aupitishe mlio wa injini kwenye mfupa. Miaka thelathini kando ya dizeli ilikuwa imeyala masikio yake, na alikuwa amewaficha wote, kwa sababu nani atampa kiziwi pampu aisikilize?

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili, chumba cha mzee kilikuwa kinaongea. Sio muziki, sio sala. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kubwa, ikitoka kwenye ile spika, inaongea mfululizo kwa lugha nisiyoijua. Inapanda, inashuka, inacheka, inakohoa, inaendelea. Ikiisha, mara nyingi ilirudiwa tangu mwanzo. Nilidhani ni mchezo wa redio. Na jioni ndio saa zangu za kuandika. Mchana ninatafsiri karatasi za watu wengine, na kinachobaki cha akili yangu ninakileta kwenu. Nikajaribu kugonga ukuta. Nikajaribu kumwita dirishani kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza. Alitega kiganja sikioni, akacheka, akaingia ndani na kutoka na kikombe cha chai ya tangawizi. Nikainywa chai. Nikarudi chumbani, sauti ikiwa pale pale.

Mtu mwenye busara ya kawaida angehitimisha kwamba mzee hasikii vizuri. Mimi nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilihitimisha kwamba tatizo ni lugha. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji: kaza, legeza, leta spana, kesho. Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vipuri. Nikamuuliza siku moja bombani, "Mzee, wewe ni Mgujarati?" Akatikisa kichwa, akajigusa kifua. "Mimi Marathi." Basi nikaingia chumbani, nikafungua simu, nikatafuta namna ya kumwomba mtu kwa Kimarathi apunguze sauti, na kwa adabu. Hilo la adabu nilijali sana. Nikapata namna mbili tatu, nikachagua ile wanayoambiwa wakubwa, nikasikiliza matamshi yake mara nyingi mno, nikaiandika kwenye karatasi kwa herufi zetu: *Zara aavaz kami karal ka?* Je, mtapunguza sauti kidogo? Niliifanyia mazoezi siku mbili, nikitembea chumbani huku sauti ya yule mwanamke ikinifuata kona zote.

Siku ya tatu nikamgongea kwa nguvu mpaka akafungua. Nilisimama karibu naye kabisa, uso kwa uso, nikaitamka. Nimejaribu kuwaeleza watu sura aliyoifanya na sijaweza. Kwanza alikodoa macho. Kisha mdomo ukafunguka. Sikio huenda linachelewa kuisahau lugha lililozaliwa nayo, maana aliisikia yote, neno kwa neno, bila kutega kiganja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye harufu ya dizeli na akaanza kuongea. Aliongea Kimarathi kwa dakika tano, labda kumi. Alinionyesha spika. Alinionyesha simu. Alionyesha mbali, ng'ambo ya paa za mabati, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake kama anayepima kimo cha mtoto, akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Nami nilitabasamu. Niliitikia kwa kichwa. Nilisema "ndiyo, ndiyo," kama tunavyomjibu mlevi. Sentensi yangu ilikuwa imekwisha. Sikuwa na nyingine. Alipoona hilo, na alichukua muda kuliona, aliniachia mkono taratibu, akainamisha kichwa, akaingia ndani. Sauti ikashuka mpaka nisiisikie kabisa. Niliandika vizuri sana jioni ile.

Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi niliijivunia methali hii kwenye kibanda cha chai kwa wiki nzima. Niliisimulia hadithi yangu kwa mawakala, kwa wabadilisha fedha, kwa mwenye kibanda. Kila mtu alicheka na kunipongeza, isipokuwa mama mwenye ploti yetu, Msamia aliyefiwa na mume, ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi na hunikumbusha hilo kila anapotaka kunishinda. Alikuwa anapepeta mtama.

"Wewe ulisalimia yeye kwanza?" akaniuliza.

"Nilimwomba kwa adabu kabisa, mama. Kwa lugha yake mwenyewe."

"Sikuulizi adabu. Nauliza salamu. Ulisema yeye nini, umelala aje, watu ya kwenu iko aje?"

"Sikujifunza hiyo. Nilikuwa nahitaji hii."

Akaacha kupepeta. "Ehee. Sasa mtu anakaa miaka yote hapana sikia lugha ya mama yake. Siku anasikia, ni mtu nasema yeye nyamaza." Akarudia mtama wake. "Wewe msomi, kitabu yako kubwa lakini mlango yake iko kidogo."

Nilicheka pamoja naye. Ndiyo, nilicheka. Nilidhani ni ucheshi wa kijijini. Nilikuwa na majibu tayari, kama ninavyokuwa nayo siku zote: kwamba kelele ni kelele kwa lugha yoyote, kwamba mpangaji ana haki ya utulivu, kwamba sikumtukana. Majibu hayo yote bado ni ya kweli. Ninayatazama kila asubuhi tangu Jumanne na hakuna hata moja lililoanguka. Hilo ndilo linalonitesa. Mtu anaweza kuwa na haki yote na bado akawa amefanya kitu ambacho hakuna anayeweza kukirudisha.

Baada ya siku ile mzee alianza kutoka jioni. Ilipofika saa kumi na mbili nilimsikia akifunga kufuli, nilimwona dirishani akipita na spika kwapani. Nikasema, afadhali, amepata wenzake. Mimi ambaye huuliza kila kitu, ninayewauliza mapadri, madiwani na walimu wangu wenyewe, sikumuuliza jirani yangu anakwenda wapi na spika. Sasa ninajua. Alikuwa anakwenda yadi ya malori, ambako injini hazizimwi na mataboi, wasaidizi wa madereva, wanapiga kelele na hakuna mtu anayeweza kulalamika juu ya sauti ya mwanamke mmoja. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akaweka spika mapajani, akaifungua mpaka mwisho. Madereva walimzoea. Walidhani ni redio ya kwao. Mvua ikinyesha aliingia chini ya tela. Alifanya hivyo kwa miezi, mtu wa umri ule, kwa sababu jirani aliyejifunza sentensi moja alimwomba kwa adabu. Maneno yangu mazuri yalimtoa mwenye chumba chumbani mwake.

Daktari ameandika moyo. Nimemuuliza kama baridi ya yadi inaweza kuchangia, akasema inaweza na inaweza isichangie. Nimemuuliza kama angefikishwa hospitali mapema angepona, akanitazama kwa uchovu na kusema, "Ndugu, unataka nikujibu nini?" Sijui nilitaka nini. Ninachojua ni kwamba kama angekuwa chumbani ningekuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule unapitisha kikohozi. Unapitisha kijiko kikigonga kikombe. Ningesikia mtu akianguka. Pale yadi walikuwepo watu arobaini, na mzee alikufa katikati yao akiwa ameketi, huku mwanamke akiendelea kumsimulia, na hakuna aliyejua kwamba msikilizaji ameondoka.

Alichomwa Tororo siku ya Alhamisi, kwa desturi ya kwao. Mwenye gereji alisafirisha mwili kwa gari lake. Watu wa hekalu la Wahindi, ambao hawakumfahamu na wenyewe ni Wagujarati, walikuja na kuni, samli na sala. Tulitoka Busia watu saba: mwenye gereji, mafundi wanne, mama mwenye ploti na mimi. Mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama pale nyuma ya miti kama kawaida yake, haujali nani anakuja wala nani anaondoka. Huku kwetu maiti haiondoki bila kusemeshwa. Anayemfahamu husogea, humwambia nenda salama, tusalimie waliotangulia, usitukasirikie, na kama kuna neno lililobaki kati yenu, hapo ndipo linaposemwa. Mama mwenye ploti alisogea kwanza. Akamwambia kwa Kisamia, kisha akarudia kwa Kiswahili chake ili mafundi waelewe: "Mzee, wewe hapana sumbua mtu hata siku moja. Enda mulembe." Mulembe ni amani, na ni salamu pia. Mafundi walimpa saluti. Kisha mama akanigeukia mbele ya wote, na hakuwa na kejeli hata chembe.

"Wewe ndiyo ulijua lugha yake. Sogea. Mwambie neno asikie ya kwao kabla hajaenda."

Nilisogea. Nilisimama karibu naye kama nilivyosimama ile siku mlangoni mwake. Wote walikuwa wananingojea, hata mzee wa hekalu alikuwa ameacha sala. Nilikuwa na sentensi moja ya Kimarathi duniani. Ilikuja mpaka kwenye ulimi, nzima, na matamshi yake yote, na adabu yake yote. Niliimeza. Nikarudi nyuma, na mama akainamisha macho kwa aibu yangu.

Simu yake ilikuwa kwa mama mwenye ploti, maana mimi niliogopa kulala nayo. Jioni ile tuliporudi akanigongea. "Njoo. Ile mama bado anaongea." Simu ilikuwa inawaka. Jina la mtumaji lilikuwa limeandikwa kwa herufi zao, ambazo sisi wote wawili hatukuweza kuzisoma. Haikuwa redio. Haijawahi kuwa redio. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na juu yake upo mwingine wa Jumatano, na mwingine wa Jumanne, na juu ya huo mamia, mmoja kila siku, na kati yake majibu mafupi ya mzee. Ujumbe wa Jumatano ulikuwa mrefu kama kawaida. Ule wa Alhamisi ulikuwa mfupi na unarudia neno moja, mara tatu, mara nne, kama mtu anayeita mlangoni.

"Huyu hajaambiwa," mama akasema.

Mwenye gereji alikuwa amepeleka habari kwenye anwani ya pasipoti na hakuna aliyejibu. Hakujua kwamba kuna mwanamke. Hakuna aliyejua. Nilikaa kwenye kiti cha mama na simu mkononi nikaisikiliza sauti ambayo niliilalamikia kwa mwaka mzima, sasa kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nilitamani kuelewa inasema nini. "Jibu yeye," mama akasema. "Hata kukohoa tu. Ajue kuna mtu." Sikuweza hata kukohoa. Ningemdanganya kwamba ni mzee anayekohoa.

Mzee wa hekalu alikuwa ametutajia kijana mmoja anayezungumza Kimarathi, mhasibu huko Tororo. Ijumaa asubuhi nikapanda gari kwenda kumtafuta. Alinipokea kwenye baraza ya nyumba yake, kijana mpole mwenye Kiswahili cha miaka mitatu ya sokoni, na nilipomweleza aliomba asikilize peke yake kwanza. Alisikiliza muda mrefu. Niliona mahali alipotabasamu na mahali alipoacha.

"Ni dada yake," akasema. "Dada mkubwa, mzee sana. Anamwambia siku yake. Mvua imekuja, ng'ombe wa jirani amezaa, goti linauma, amepika nini. Kila siku hivyo. Anasema, sikiliza mpaka mwisho, najua wewe unakimbia. Anacheka." Akasogeza ujumbe mwingine. "Hizi za miezi ya karibuni anauliza jambo. Anamuuliza mara nyingi. Anasema, mbona siku hizi unaongea kama mtu aliyejificha? Mbona nasikia magari? Nyumba yako iko wapi? Umefukuzwa?"

"Naye alijibuje?"

Kijana akasikiliza jibu la mzee, akarudia mara mbili kwa sababu ya kelele za malori. "Anasema hajafukuzwa. Anasema kuna mtu hapa anajua Kimarathi, ameanza kujifunza. Anasema labda atajifunza zaidi."

Nimeandika sentensi hiyo na kuiacha kwa siku mbili kabla ya kuendelea na safu hii. Alikuwa ananingojea. Alijua kwamba nina sentensi moja, na alijua ni ipi, na bado aliihesabu kuwa mwanzo. Nikamuuliza kijana kama kuna mahali mzee amesimulia yale aliyoniambia mlangoni mwake siku ile, yale ya dakika tano au kumi. Akatafuta. Hayapo. Aliyasema mara moja tu, kwangu, na mimi sikulishika hata neno moja. Hakuna wa kunitafsiria. Yamekwenda.

Najua namna tunavyoishi hapa mpakani, na ninaisifu mara kwa mara kwenye safu hii. Kila mmoja wetu ana lugha sita. Mbadilisha fedha atabishana nawe kwa Kisomali mpaka mkubaliane bei ya dola; mwanamke wa samaki atakuita kwa Kijaluo, Kiteso na Kiganda kabla hujamaliza kupita; makuli wana neno la "ondoka" kwa kila taifa linaloendesha lori. Tunajiita watu wa lugha nyingi. Lakini nimeanza kuzihesabu upya sentensi zetu, na karibu zote ni za kutaka kitu: lete, punguza, ongeza, sogea, sahihi hapa. Tumejifunza lugha za wenzetu kama mtu anayejifunza mahali pa kitasa tu, bila nia ya kuingia ndani. Na msiniambie kwamba ni biashara, kwamba mpaka ndivyo ulivyo. Mama mwenye ploti anaishi mpaka huu huu na hana Kimarathi chochote, lakini alijua ni swali gani lilipaswa kutangulia. Na hata yeye, namwambia hapa kwa heshima zote, hakumuuliza mzee pia.

Kijana alipiga simu. Tulikubaliana asiseme kwa ujumbe, aseme kwa sauti inayosikika na kujibiwa papo hapo. Mwanamke alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile alilolirudia Alhamisi. Nikaelewa bila kuambiwa kwamba ni jina la utotoni. Kijana alisema polepole. Upande wa pili nikasikia kuku. Hakupiga yowe. Baada ya muda aliuliza kitu kifupi, na kijana akafunika simu kwa kiganja akanigeukia.

"Anauliza, huko alikuwa na mtu wa kuzungumza naye?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya, na uongo huo ungekuwa wa huruma. Nikasema, "Mwambie hapana. Mwambie jirani yake ni mimi, na sikuzungumza naye."

Kijana akanitazama. Kisha akaondoa kiganja, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, akaongea muda mrefu, mrefu kuliko maneno yangu mara kumi. Mwanamke alilia sasa. Akasema kitu katikati ya kilio, kijana akaitikia, simu ikakatika.

"Amesema nini?"

"Anakushukuru."

"Kwa lipi? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia anachoweza kukibeba," akasema, akanirudishia simu.

Sikumlazimisha. Nilirudi Busia nikiwa nimeshukuriwa kwa jambo nisilolijua, kwa lugha nisiyoielewa, na mtu niliyemkosea bila yeye kujua. Somo ninalowaachia ni dogo na mimi mwenyewe ninalichukia kwa kuchelewa kwake. Ukitaka kujifunza sentensi moja tu ya lugha ya jirani yako, usianze na ile unayotaka kumwambia. Anza na ile ya kumuuliza, kisha keti palepale mlangoni mpaka uelewe atakachokujibu, hata ikikuchukua mwaka. Mimi nilikuwa na miaka miwili, na jibu nilipewa siku ile mlangoni, kabla sijauliza.